Asante Ilifikaje Babati? Historia ya Neno Dogo Tunalolituma Kila Siku

Kwenye grupu lolote la WhatsApp la Babati, liwe la wakazi wa Bagara, la wanakwaya, la bodaboda wa stendi au la waliomaliza darasa la saba pamoja, kuna neno halipiti siku bila kuandikwa: asante. Wengine wanaandika "ahsante", wengine "asnt", wengine hawaandiki kitu, wanabandika viganja viwili vilivyokutana halafu wanaendelea na mambo yao. Na kila baada ya muda anatokea mjuaji mmoja wa kusahihisha watu: "Ni ahsante bwana, siyo asante." Hapo mjadala unawaka, mpaka yule aliyekuwa anashukuriwa anasahaulika kabisa.

Chini ya huo ubishi kuna historia ambayo vijana wengi wa mjini hawajawahi kusimuliwa. Hii siyo ya machifu wala mawaziri. Waliolifikisha neno hili Manyara ni watu ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote: wapagazi, wenye maduka, walimu wa shule za msingi, watoto waliowasomea bibi zao barua, wapenda salamu wa redioni. Na ukiwafuata watu hao hatua kwa hatua unaona kitu kimoja. Kadiri asante ilivyozidi kuwa rahisi kutuma, ndivyo ilivyozidi kusahau kazi yake ya mwanzo, ambayo ilikuwa kukitaja kitendo.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Asante ina asili ya Kiarabu. Lilianza kama ahsanta, maana yake "umefanya vyema". Hebu tazama hapo vizuri. Mtu akisema "nashukuru" anajizungumzia yeye, anaeleza moyo wake ulivyo. Lakini ahsanta ilimzungumzia aliyetenda. Ilikuwa kama kumwambia mtu, "Hapo umepatia." Macho yote yanakwenda kwa mtu yule na alichokifanya.

Kutoka mzizi huohuo Kiswahili kikapata hisani, yaani wema ambao mtu anautenda bila kulazimishwa. Hata majina ya Hassan na Hussein yanatoka humohumo. Kwa hiyo asante na hisani ni ndugu wa tumbo moja. Hisani ni tendo, asante ni jibu lake. Ukisikia asante ambayo haina tendo nyuma yake, jua kuna ndugu mmoja ameachwa nyumbani.

Watu wa pwani hawakulibeba neno kama walivyolikuta. Kwa Kiarabu, anayeambiwa akiwa mwanamke neno linabadilika. Waswahili hawakutaka huo usumbufu, wakafanya moja la wote. Wanaoshukuriwa wakiwa wengi, wakachomeka ile "-ni" yetu ya Kibantu, ikawa asanteni, kama karibu inavyokuwa karibuni. Na ile "h" nzito ya kooni ikalainishwa, kwa wengine ikapotea kabisa. Kwa hiyo mjuaji wa grupu asikutishe. Asante na ahsante zote zimeandikwa kwa miaka mingi na zote zinaeleweka. Swali zito liko kwingine.

Babati ilishukuru kabla ya neno kufika

Babati, kwa upande wa lugha, siyo mji wa kawaida. Mjini kwenyewe na vijiji vya karibu wapo Wagorowa, ambao wengine wanawaita Wafyomi, na ndugu zao Wairaqw. Hao lugha zao ni za Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali. Wapo Wambugwe na Warangi, ambao ni Wabantu. Ukielekea Hanang unakutana na Wabarbaig, ambao ni Waniloti. Ukisogea hadi upande wa Ziwa Eyasi unawakuta Wahadzabe, wenye lugha ya sauti za kidoko. Ni sehemu chache sana za Afrika ambako makundi manne ya lugha yasiyo na undugu wa karibu yanaishi jirani namna hii. Mtu anaweza kwenda mnadani asubuhi na kuyasikia yote kabla ya saa sita mchana.

Kila jamii ilikuwa na namna yake ya kushukuru. Wairaqw wanasema naas, na katikati ya neno hilo kuna sauti ya kooni ambayo simu yako haina herufi yake. Wanaokiandika Kiiraqw kwa utaratibu wake wanaiwekea alama ya mkwaju: na/as. Wenzao wa mtandaoni wanaandika tu "naas" na mambo yanaenda. Kuna kichekesho cha historia hapo. Zile sauti za kooni ambazo watu wa pwani walizilainisha kutoka Kiarabu, Wairaqw na Wagorowa wanazo nyumbani tangu zamani. Mzee wa Kigorowa anaweza kuitamka ahsanta ya Kiarabu vizuri kuliko yule mjuaji anayesahihisha watu.

Lakini maneno yalikuwa sehemu ndogo ya shukrani. Kubwa zaidi ilikuwa ng'ombe na jembe.

Chukua ng'ombe kwanza. Kwa Wairaqw, mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa majirani na jamaa wakae nao. Aliyepewa alipata maziwa ya watoto na samadi ya shamba, na ng'ombe alibaki mali ya mwenyewe. Kulikuwa na wema ndani yake, na akili pia. Ugonjwa au wizi ukipiga zizi moja, mali yote haikwenda kwa mpigo. Aliyesaidiwa naye alikuwa anasaidia, kwa sababu alikuwa analinda mali ya mwenzake. Hapo ukiuliza nani amshukuru nani, jibu ni wote wawili.

Njoo kwenye jembe. Mwenye shamba aliandaa pombe ya kienyeji na chakula, akaita watu, wakalima pamoja mpaka kazi ikaisha. Siku nyingine ni zamu ya mwingine, na yeye anachukua jembe lake anakwenda. Hakuna aliyetembea na daftari la mahudhurio, lakini kila mtu alijua nani alikuja na nani hakuonekana. Ukishukuru kwa mdomo halafu kwa mwenzako usionekane, shukrani yako imeisha hapohapo.

Kiswahili kinafika na mizigo

Kiswahili kiliingia bara kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara wa misafara katika karne ya 19. Wajerumani walipotawala wakakitumia serikalini, kupitia maakida na shule zao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi, Kiunguja kikiwa ndicho msingi wa Kiswahili sanifu. Kile ambacho mtoto wa Babati anafundishwa leo kama "Kiswahili fasaha" kilichaguliwa enzi hizo, mbali kabisa na Mlima Kwaraa.

Kilichokileta hasa mpaka sokoni ni barabara. Babati ilikaa kwenye Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo wakoloni waliiota ikiunganisha Cape Town na Cairo. Malori yalisimama, maduka yakafunguliwa, watu wa kila upande wakakutana. Mji wa njiani unahitaji lugha ya kuuliza bei, ya kuomba lifti, ya kuomba maji na ya kushukuru ukishapewa. Kigorowa kilikuwa na wenyewe, Kirangi kilikuwa na wenyewe. Kiswahili hakikuwa cha mtu hapo mjini, kwa hiyo kikawa cha wote. Na katika maneno ya kwanza ambayo mgeni yeyote hujifunza, asante haikosi.

Baada ya uhuru mambo yakaenda kasi. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi hadi darasa la saba, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wazazi nao wakaingia darasani. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, watu wa makabila tofauti wakajikuta nyumba zao zimeangaliana. Bibi aliyeshukuru kwa Kimbugwe maisha yake yote akawa na jirani asiyekijua. Asante ikawa daraja kati yao.

Mambo ya kuchati hayakuanza na simu

Wengi wanadhani kuongea na watu usiowaona ni kitu cha kizazi cha bando. Siyo kweli. Mwaka 1923 lilianza gazeti la Kiswahili lililoitwa Mambo Leo, likitoka kila mwezi Dar es Salaam. Ndani yake wasomaji wa mikoani walituma habari za miji yao, mashairi na barua, na mtu wa mji mmoja aliweza kumjibu mtu wa mji mwingine ambaye hawajawahi kuonana. Kubishana mtandaoni kabla ya mtandao, yaani. Tofauti ni kwamba jibu lilichukua wiki au miezi, kwa hiyo mtu alipima maneno kabla ya kuyaweka kwenye karatasi.

Barua za kawaida zilikuwa na shule yake. Nyingi hazikupita posta, zilipewa mtu anayesafiri. Juu ya bahasha mwandishi aliandika "kwa hisani ya" kisha jina la yule aliyeibeba. Ndugu yake asante huyo hapo, amekaa mbele ya bahasha. Kondakta wa basi, mwalimu anayerudi kituoni, mfanyabiashara wa vitunguu, wote walitajwa kwa kazi waliyoifanya. Na barua ikifika kijijini, mara nyingi aliyeisoma kwa sauti alikuwa mtoto wa shule, akimsomea bibi asiyejua kusoma, halafu akiandika majibu anayotamkiwa. Mtoto huyo alijua siri za nyumba nzima na alitakiwa kuzitunza. Hakuna anayemkumbuka leo, lakini bila yeye nusu ya shukrani za kijiji zisingefika zilikokuwa zinakwenda.

Ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baadaye ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hapo ndipo kikazaliwa kizazi cha wapenda salamu. Mtu ananunua kadi, anaandika majina ya anaowasalimu, anaweka ujumbe wake, anatuma, halafu anasubiri siku na siku asikie jina lake likisomwa. Kulikuwa na kipindi cha Ugua Pole, maalumu kwa ajili ya kuwasalimu wagonjwa waliolazwa hospitalini. Fikiria mgonjwa kalala wodini, redio iko dirishani, anasikia jina lake likitajwa nchi nzima na watu wake wakimpa pole.

Tena hilo neno pole nalo ni la kulitunza. Halikiri kosa wala haliombi msamaha. Liko jirani na mpole na polepole, na anayelisema anakuambia tu kwamba ameuona mzigo wako. Wageni wengi wanapata shida kulitafsiri. Mtanzania analitumia kwa aliyefiwa, aliyejikwaa na hata anayetoka kazini amechoka.

Herufi 160

Simu za mkononi zilipoenea mijini miaka ya 2000, SMS moja ilikuwa na nafasi ya herufi 160 na kila moja ililipiwa. Waliokuwa na vitochi wanakumbuka. Watu wakaanza kukata maneno: "xaxa", "2taonana", "cjui", "mbn kimya". Wazazi wakalalamika kwamba Kiswahili kinakufa. Hakikufa, lakini kuna kitu kilichokatwa kabla ya kingine chochote, na hicho ni salamu na shukrani. Barua ya zamani ilitumia aya nzima kuuliza hali na kushukuru kabla ya kusema shida. SMS ilianza na shida moja kwa moja: "Ni2mie elfu 5 ntakurudishia." Na jibu likifika: "Asnt."

Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania na msaada wenyewe ukaanza kusafiri kwa simu. Hili lilikuwa jambo kubwa. Mama wa Babati mwenye mtoto chuoni Dodoma hakuhitaji tena kumtafuta dereva wa basi mwaminifu wa kubeba bahasha. Pesa inafika kwa dakika. Lakini pamoja na bahasha akaondoka yule mtu wa "kwa hisani ya". Kati ya mtoaji na mpokeaji hakuna tena wa kutajwa.

Katesh, Desemba 2023

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuvamia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Ni mwendo wa kama saa moja na kitu kwa gari kutoka Babati. Watu zaidi ya 80 walifariki, na familia nyingi zikabaki bila nyumba, bila nguo, bila hata mahali pa kuelekea. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari na kurudi.

Mtandaoni, saa za kwanza zilikuwa za kila kitu kwa pamoja. Video, pole, viganja, na uvumi kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wakaeleza kwamba hakukuwa na volkano, ni sehemu ya mlima iliyolowa maji ikameguka. Kila aliyetuma uvumi ule alidhani anasaidia.

Halafu kulikuwa na wengine ambao hawakuwa na muda wa kushika simu. Walioingia kwenye tope na majembe pamoja na askari. Waliokesha na majeruhi mahospitalini. Waliopika kwenye masufuria makubwa kwa ajili ya waliohifadhiwa kwenye majengo ya shule. Waliofungua makabati yao wakatoa mashuka na sweta. Madereva waliopakia magodoro. Misaada ilitoka kila kona ya nchi, na taarifa za mashirika, kampuni na viongozi waliokabidhi zilisomwa kwenye habari kwa majina. Haki yao. Ila mama aliyekoroga uji saa kumi alfajiri hakutajwa popote, na huyo ndiye ambaye ahsanta ya mwanzo ingemwelekea: umefanya vyema.

Orodha ya michango ina upungufu gani?

Tazama grupu lolote la msiba au la ugonjwa. Kuna orodha yenye namba, jina, kiasi na alama ya vema. Siyo kitu kibaya, inazuia wizi na inamtia moyo mtoaji. Lakini orodha hiyo inaijua pesa tu. Haina mstari wa aliyechimba kaburi. Haina mstari wa aliyelala sakafuni hospitalini wiki nzima, aliyebaki na watoto wa mgonjwa, au dereva wa bajaji aliyekataa nauli usiku wa manane. Wazee waliolima pamoja wangeiangalia orodha yetu na kuuliza: na waliokuja wako wapi?

Matokeo yake yanaonekana. Mtu anaomba wa kumsindikiza mgonjwa, anapata viganja 60 na hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani. Yule anayetoka kila mara anachoka, siku moja anaacha, na watu wanamshangaa kwamba "amebadilika". Shukrani ya punda ni mateke, wanasema wahenga. Ya grupu ni mbaya zaidi, kwa sababu punda angalau alimwona aliyembebesha.

Dawa yake haihitaji bando kubwa. Badala ya "asanteni wote", taja mtu na taja alichofanya. "Asante dada, uliniletea chakula wodini siku nne." "Asante kaka, ulimbeba mzee mpaka kwenye gari." Kama bibi yako anajua naas, mwambie naas, atafurahi kuliko unavyodhani, na mwanao atalisikia pia. Kisha zamu yake ikifika, siku ambayo yeye ndiye ana mgonjwa au ana shamba la kuvunwa, simu iweke mfukoni uende.

Barabara ya Babati kwenda Dodoma ilikamilika kwa lami mwaka 2018, na inapita kata inayoitwa Bonga. Wasafiri wa mjini huwa wanacheka wakiona kibao, wakidhani ni sehemu ya kupiga stori. Wenyeji wa Bonga stori wanapiga sana tu, kama watu wengine. Ila jirani akiezeka nyumba, wanajua nani alipanda juu ya paa na nani alituma emoji.

Wewe wa mwisho kukusaidia kwa mikono yake alikuwa nani, na ulimwambia nini?